Mara Mbili Koikai Alipoacha Mlango

Njiro, katika kata ya Engutoto jijini Arusha, kwenye mtaa wenye nyumba nzuri na barabara mbaya, kuna geti la bluu ambalo Koikai alililinda miaka kumi na sita bila kuliacha hata siku moja. Si kwamba kuna kitu kikubwa cha kuibwa. Ndani anaishi Bi Arafa, mjane aliyewahi kuwa na duka la vitambaa mjini, pamoja na makochi mawili, friji inayonguruma kuliko mbwa, na mbwa asiyenguruma kabisa. Lakini Koikai alilinda kana kwamba benki kuu ilihamishiwa humo kwa siri.

Majirani wana visa vyake. Siku lori la mchanga lilipogonga nguzo ya umeme, hatua thelathini kutoka getini, mtaa mzima ulitoka kuangalia, wengine wakiwa na mswaki mdomoni. Koikai aliligeuzia lori mgongo akaendelea kutazama geti. Siku mtoto wake wa pili alipozaliwa, alipokea habari kwa simu akiwa amesimama wima, akasema, "Mungu ni mwema," akakaa tena. Mkewe Naisiae, kule Olasiti walikopanga, huwaambia wanawake wenzake kwamba yeye ni mke mdogo tu. Mke mkubwa ni wa bluu na anakaa Njiro.

Kampuni ya ulinzi ilimpa cheti cha mlinzi bora mara mbili. Vyote aliviweka chini ya godoro. Ukimsifu alitazama pembeni, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake mbele ya wageni. Na kweli ulikuwa ugonjwa. Ulimwanza akiwa na miaka tisa.

Kwao ni juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako enzi hizo maji ya shamba yalikuja kwa zamu. Mfereji ulishuka kutoka msituni ukapita boma hadi boma, na kila boma lilikuwa na saa zake. Juu kabisa, kwenye shamba la Mzee Lesian, palikuwa na bwawa dogo la udongo lililokusanya maji usiku. Mchana lilifunguliwa taratibu, kwa kuvuta vipande vya mgomba vilivyoziba mdomo wake, kimoja, halafu kingine, ili mfereji ushibe polepole. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwanamke akigusa mdomo wa bwawa, boma lake lilitozwa kondoo, na mumewe alichekwa mpaka kondoo huyo asahaulike, jambo ambalo lilichukua miaka.

Huku chini, kwenye mlango wa kila shamba, alikaa mtoto. Kazi yake ilikuwa kukaa tu. Maji yakija ayaelekeze shambani, na ahakikishe jirani hayapindishi. Mtoto akiondoka, maji ya boma lenu yalikwenda kunywesha migomba ya watu wengine, nanyi mkabaki kuitazama ikinenepa.

Mwaka wa tisini na moja masika yalichelewa. Maharage ya mama yake Koikai yalianza kulala chini kama yaliyochoka kusubiri. Baba yao, Frederick, alikuwa mnadani na ndama mmoja. Zamu yao ilikuwa ianze jua likifika utosini.

"Kaa hapa," mama alimwambia Koikai. "Usiondoke. Na ukisikia maji, mtoe Nanyori mferejini kwanza, ndiyo ufungue mlango. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nanyori, mdogo wake, alikuwa na miaka minne. Alikaa katikati ya mfereji mkavu, palipobaki unyevu, akifinyanga ng'ombe wa udongo. Alikuwa amefikisha saba, na kila mmoja Koikai alitakiwa amsifie kivyake.

"Huyu anaitwaje?"

"Ng'ombe."

"Wote ni ng'ombe! Jina lake!"

Hapo ndipo barabarani palisikika kishindo, kisha sauti za chupa, chupa nyingi mno, kisha watu wakipiga kelele: "Soda! Soda jamani!" Gari la soda lilikuwa limelala ubavu kwenye kona. Mtoto wa boma lile aliionja soda Krismasi, tena kwa kugawana. Koikai alitazama jua. Lilikuwa limefika utosini, hata limepita kidogo, na maji hayajaonekana. Akamwambia dada yake maneno yaleyale aliyoambiwa yeye: "Kaa hapa. Usiondoke."

Nanyori alikuwa mtoto mtiifu. Hakuondoka.

Koikai alipata chupa mbili. Moja aliinywa palepale, imechemka kwa jua, povu likamtokea puani. Ya pili, ya machungwa, aliirudisha ikiwa na kizibo chake. Alipofika, mfereji ulikuwa umejaa hadi kingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda kasi kama yaliyochelewa mahali. Ng'ombe saba hawakuwepo. Nanyori alipatikana kwenye kalavati chini ya barabara, hatua chache kutoka pale watu walipokuwa bado wanaokota soda.

Wazee walikaa kikao. Waliamua kwamba bwawa la Lesian lilikuwa chakavu na limepasuka lenyewe. Uamuzi huo ulimpendeza kila mtu, kwa kuwa bwawa halina ukoo. Kisha wakamwuliza mama, Anna, mtoto alikuwa na nani.

"Nilimwachia Koikai," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyempiga Koikai, hakuna aliyemfokea. Alisubiri fimbo hiyo wiki nzima, akilala na nguo zote, haikuja. Kilichobadilika ni kitu kidogo. Kwao mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Tangu siku ile mama hakumwekea tena kiganja. Aliweka ncha za vidole viwili, haraka, kama mtu anayepima kama sufuria bado ni ya moto.

Na kulikuwa na jambo la pili, la kanisani. Siku za Chakula cha Bwana, safu nzima ya kina mama ilisimama kwenda mezani. Anna alibaki kwenye benchi. Mwezi wa kwanza watu walidhani ni majonzi. Mwaka wa kwanza walidhani ana ugomvi na mchungaji. Baadaye wakasema tu kwamba Mama Koikai ana mtu hajamsamehe, na kwamba heri yeye anayebaki, kuliko wengine wanaokwenda na vinyongo vyao mfukoni. Koikai, mwenye masikio mazuri, aliyasikia hayo. Hakuhitaji kuuliza mtu huyo ni nani.

Basi akawa mtu wa kukaa alipowekwa. Shuleni aliwekwa zamu ya kengele, akaipiga hadi darasa la saba bila kukosea dakika. Alichunga, alilinda bohari ya mbegu, alilinda eneo la ujenzi kule Elerai, mwisho akalifikia geti la bluu. Mwanaume mzima halazimiki tena kumwinamia mama yake. Koikai aliendelea. Kila alipopanda nyumbani alishusha kichwa na kusubiri, na kila mara vikaja vidole viwili. Hakuwa anasubiri kingine duniani. Mwezi Agosti mwaka jana alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na bado alikuwa anasubiri kiganja.

Mwezi huo mama yake alimpigia simu. Anna si mtu wa simu. Huamini kwamba vocha inaliwa kwa salamu, hivyo haipotezi.

"Alhamisi uje," akasema, akakata.

Koikai alikuwa zamu ya usiku. Alhamisi asubuhi alikabidhi geti kwa mwenzake, Romanus, akapanda mlimani bila kulala. Mama alikuwa jikoni.

"Shikamoo, yeyo." Akainamisha kichwa. Vidole viwili.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai kule."

"Chai si chakula. Kaa."

Akampa bakuli la loshoro, mahindi kwenye maziwa mgando, chakula ambacho kwao humfanya hata mgomvi anyamaze. Akamwacha ale nusu.

"Mchungaji mpya, huyu Brayson, ameniuliza mbona sikaribii meza."

"Ameuliza hivyohivyo?"

"Ana miaka ishirini na nane. Hajajifunza kutouliza." Alifuta mikono kwenye kanga. "Miaka thelathini na minne hakuna aliyeniuliza, Koikai. Wachungaji wanne. Walikuwa wananihurumia. Nikamwambia yule mtoto. Akasema nianzie kwako."

Koikai aliweka kijiko. Alidhani anajua kinachokuja. Alishaanza hata kuinamisha kichwa.

"Bwawa la Lesian halikupasuka," mama akasema.

Koikai akainua kichwa tena.

"Nililifungua mimi. Jua lilikuwa limepita, zamu yetu imefika, na Lesian kalala chini ya mti wake. Baba yako mnadani. Nikayatazama maharage, nikachukua jembe, nikapanda. Sikujua kama vile vipande vinatolewa kimoja kimoja. Nani angenifundisha? Nilivipiga jembe vyote kwa pamoja."

"Yeyo."

"Subiri nimalize. Nilijua upo pale. Nilisema, Koikai yupo, akisikia maji atamtoa. Halafu nikateremka nikakuta watu. Waliponiuliza, nikasema nilikuachia wewe."

"Uliniachia kweli."

"Ndiyo. Sikusema uongo. Toka siku ile sijasema uongo hata mmoja, nimekaa tu nao."

"Baba alijua?"

"Baba yako alikufa akijua bwawa lilikuwa chakavu."

Kuku aliingia jikoni, akawatazama, akatoka. Koikai akasukuma bakuli pembeni.

"Mimi nilidhani hukaribii meza kwa ajili yangu. Kwamba hujanisamehe."

Mama alimkodolea macho. Inaonekana hilo halikuwahi kumjia, hata mara moja, miaka yote hiyo.

"Wewe? Nikusamehe nini? Ulikuwa na miaka tisa na gari la soda limeanguka. Hata mimi ningekimbia."

Alilisema kama jambo linalojulikana na wote, kama bei ya chumvi. Ndiyo maneno ambayo Koikai alikuwa ameyakalia getini kila usiku. Sasa yamefika, na yeye hana pa kuyaweka, maana nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na yale yaliyotangulia.

"Na vidole?" akauliza.

"Vidole gani?"

"Unaponigusa kichwa."

Mama alijitazama mkono. "Niliogopa," akasema. "Nilikuwa naona kama ukiguswa vizuri utajua."

Kisha akasema lililomfanya aite. Jumapili ni Chakula cha Bwana. Ana miaka sabini na sita, miguu inavimba, na angependa kwenda mezani.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, yeyo," Koikai akajibu palepale, na akatazama saa. "Inabidi nikalale kidogo. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili."

Yameisha ni neno la adabu. Tunalitumia mtu akitukanyaga kidole sokoni, au jirani akituangushia ndoo. Koikai alilitoa haraka kama chenji, akasimama, akatoka. Alipofika kwenye mfereji, siku hizi umesakafiwa kwa saruji na una lango la chuma, akagundua kwamba ameaga bila kuinamisha kichwa. Haijawahi kutokea. Alisimama pale akifikiria kurudi. Hakurudi.

Usiku wa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi aliketi getini na mawazo yasiyomwacha. Alijaribu kuwa na haki. Alijiambia kwamba yeye kweli aliondoka, na mama kweli alifungua, na kama mmoja wao tu ndiye angekosea, Nanyori leo angekuwa mama mzima anayelalamikia ada za shule. Hiyo ilikuwa hesabu safi. Lakini kila alipoimaliza, alimwona mtoto wa miaka tisa amelala na nguo zote akisubiri fimbo, na mwanamke chumba cha pili, macho wazi, anayejua. Ukuta wa matope kati yao. Ingetosha kugonga.

Jumapili ibada ilikuwa saa moja. Koikai alitaka awahi, ingawa hakujua anakwenda kufanya nini. Romanus alipaswa kumpokea saa kumi na mbili. Saa moja kasorobo akampigia.

"Uko wapi?"

"Niko njiani, kaka! Nimeshafika Kijenge." Nyuma yake jogoo aliwika, na mtoto akauliza sabuni iko wapi.

"Kijenge gani ina jogoo?"

"Kaka, Arusha imebadilika sana."

Saa moja ikapita. Saa moja na nusu. Jua lilipanda juu ya ukuta wa Bi Arafa. Koikai aliketi, akasimama, akaketi. Saa mbili kasoro dakika kumi alifanya jambo ambalo mtaa bado unalizungumza. Alifungua geti, akatoka nje, akatembea. Hakulifunga hata komeo. Bodaboda wa kona, Nelson, alimwona anakuja akaangusha mswaki.

"Mzee! Kumbe una miguu?"

"Ngaramtoni. Haraka."

"Geti je?"

"Washa pikipiki."

Alipoingia kanisani, watu walikuwa tayari kwenye mstari wa meza, na kwaya inaimba kwa mwendo ule wa taratibu, ili wimbo usiishe kabla ya mkate. Alimtafuta mama yake kwenye mstari. Hakuwepo. Alikuwa kwenye benchi la tatu upande wa kulia, peke yake, amevaa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Koikai alijipenyeza akaketi pembeni yake, na sare yake na buti zake.

"Geti umemwachia nani?" mama akanong'ona.

"Hakuna mtu."

Alimgeukia. Koikai hakukumbuka kumwona akimwogopea hivyo tangu utotoni. "Hakuna kabisa?"

"Nenda mezani, yeyo. Nilishakwambia yameisha."

"Uliniambia ukitazama saa. Na kichwa hukuleta." Hakusema kwa lawama. "Nakusubiri wewe. Nipe kichwa, nitakwenda. Wamebaki wengi, nawahi."

Koikai alitaka kuinama. Hilo lisemwe kwa haki yake: alikuwa amevuka mji mzima na kuacha geti wazi kwa ajili ya kuinama. Lakini miaka yote aliinama akiomba, na shingo ilizoea kuomba. Leo ilitakiwa itoe, ikagoma. Alitazama mgongo wa benchi la mbele. Akilini akaona ile chupa ya machungwa, bado ina kizibo chake. Mbele yao mstari ulisogea, ukasogea, wakabaki wazee wanne, wawili, mmoja mwenye fimbo.

Mama aliinua mkono wake. Safari hii ulikuwa kiganja kizima, umekunjuliwa, una sugu za jembe. Ukakaa hewani kati yao, chini kidogo, usawa wa kichwa cha mtu aliyeinama.

Kichwa hakikufika.

"Si lazima leo," akasema, akaurudisha mkono mapajani. "Hata mimi nimechukua muda wangu."

Mchungaji Brayson aliwatazama kutoka mbele, amesimama na sahani. Anna akatikisa kichwa kidogo. Mchungaji akafunika sahani kwa kitambaa, na kwaya ikamaliza ubeti.

Koikai alirudi Njiro saa tano. Geti lilikuwa wazi vilevile. Mbwa alilala katikati ya njia. Bi Arafa alikuwa hajaamka, kwani Jumapili huswali alfajiri akarudi kulala. Romanus alikuwa hajafika. Hakuna kilichoibwa, hakuna aliyeingia, hakuna hata aliyechungulia. Alikagua makochi na friji kupitia dirishani, akakagua tena, karibu akitamani kuna kitu kimepungua. Miaka kumi na sita alikuwa amekaa pale, na geti liliweza kukaa lenyewe.

Chakula cha Bwana kingine kilikuwa mwezi ujao. Koikai alianza mazoezi. Kabla ya kukabidhi zamu, aliingia kwenye kibanda cha mlinzi, akageukia ukuta, akashusha kichwa polepole. Kwa ukuta kilishuka vizuri tu. Romanus alimfuma asubuhi moja, kwa ajali ya kuwahi.

"Kaka, shingo?"

"Shingo."

"Paka dawa ya misuli, kaka. Hiyo ni baridi ya usiku."

Jumanne ya wiki ya tatu, mchana, Anna alianguka kwenye tuta la maharage, jembe pembeni. Majirani wanasema hakuteseka. Majirani husema hivyo siku zote.

Kabla ya kufunga jeneza, ndugu walipita kuaga. Koikai alipita wa mwisho. Alisimama, akainama, akashusha kichwa hadi paji la uso likagusa mkono wa mama yake uliolazwa kifuani, akakiacha hapo. Kilishuka bila shida yoyote. Watu walidhani analia, wakampa nafasi. Baada ya muda wakadhani amezimia. Naisiae ndiye aliyemshika bega na kumwambia, taratibu, kwamba mchungaji anasubiri.

Hayo ni ya mwaka jana. Siku hizi Koikai huomba ruhusa kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, na Romanus, kwa aibu au kwa woga, huwahi. Hupanda mlimani, huketi benchi la tatu upande wa kulia. Safu ikisimama kwenda mezani, husogeza magoti wengine wapite. Yeye hubaki.

Watu wanasema ana mtu hajamsamehe. Safari hii wamepatia, ila wanamtafuta makaburini, naye amekaa palepale kwenye benchi, na sare na buti.